Basi la Kutoka Dortmund

Kila miezi mitatu basi lilimtema mama
pale Opole, saa kumi na moja alfajiri,
mikono ikinuka sabuni ya wazee wa watu.

Ludwik hakuinua uso. Alihesabu vifungo vya koti lake,
akasema, "Umefika," kama karani wa posta.
Mimi nilimganda kiunoni, nikamng'ata mkono,
nikalilia kuondoka kwake kabla hajavua viatu.
Jagna alizaliwa mama akisharudi kabisa:
humwona, hucheka, hurudi kwenye mchanga wake.

Tumbo moja. Supu ileile ya kabichi.

Leo Ludwik ana miaka arobaini
na mkoba usiofunguliwa chini ya kitanda cha mke wa pili.
Mimi humpigia Radek simu mara saba
akienda kununua mkate.
Jagna hufunga mlango, asikumbuke kama ameufunga.

Daktari wa nafsi ana majina ya hayo yote.
Mimi nina harufu ya sabuni.

Jana mama, hoi kitandani, aliuliza:
"Nani atalala nami?"
Nilisimama mlangoni, koti mwilini, ulimi mzito.

Ludwik alikuwa tayari amevua viatu.