Dakika Saba za Malindi

Mara ya tatu Bi Mwanashee anapanda ngazi zetu,
mtoto kifuani, cheti mkononi,
na jina lile lile lisilo la mtoto.
"Mwanatumu," asema. "Si Mwanatuma. Ni jina la nyanya yake.
Jana ulilisahihisha. Na juzi."

Kweli, nililisahihisha. Vidole vyangu mashahidi:
Langoni, ofisi ya vizazi, saa tatu na dakika nne asubuhi.
Usiku kosa likarudi
kama paka aliyevushwa Manda,
kumekucha, yuko mlangoni.

Daftari letu lina ndugu wawili,
mmoja Malindi, mmoja Mombasa,
ili moto ukila hapa, kule pabaki.
Usiku wa manane hukutana kwa waya, hulinganisha mihuri ya saa,
na sheria yao ni moja: aliyesema mwisho ndiye msema kweli.
Hata ndoa haiivumilii sheria hiyo.

Nikampigia Ngumbao wa Malindi.
"Saa ya mashine yako yasemaje?"
"Tatu na kumi na mbili."
Yangu: tatu na tano.
Tukanyamaza, simu ikila salio.

Kumbe kila siku, saa tatu kamili,
nakala yangu humfikia, na mashine yake huigonga muhuri wake,
kama mgeni anayeandikiwa kuwa amezaliwa
siku aliyoshuka gatini.
Tatu na saba! Kosa kuukuu limevaa kanzu mpya,
likampiku mama aliyewahi mlango.

Nisimcheke. Mwaka juzi betri yetu ilikufa,
mashine ikaamka ikiapa
ni Januari mosi, sabini, saa tisa za usiku,
ikasajili watoto kumi na wanne
waliowazidi mama zao umri.

Tukazirekebisha saa. Haikutosha;
saa, kama ulimi, haina mfupa.
Tukaamuru: nakala isafiri na muhuri wa kwao,
na kila badiliko lihesabiwe,
la kwanza, la pili, la tatu, la nne;
mwenye hesabu kubwa ashinde,
hata saa yake ikiwa imelala.

Leo Bi Mwanashee amesoma herufi moja moja kwa ukucha.
Tu. Mu.
Hakuniuliza habari za saa.
Amekikunja cheti, amekitia kwenye mfuko wa nepi.
"Nitakuja na kesho," asema.