Kata Kushoto Ulipokuwa Mkungu

Jina la kisiwa, ukilitamka haraka,
ni soko la kwetu: Carriacou, Kariakoo.
Nilicheka peke yangu nikishuka kwenye feri,
abiria wakanitazama
kama mtu aliyepigwa na jua kabla ya saa tatu.

Soko la ukubwa ule hakuna.
Kuna gati, safu moja ya maduka,
na boti ya mboga inayofika Jumatano
endapo bahari imeamka na akili zake.
Kufikia Alhamisi jioni, vitunguu ni hadithi.

Siku ya kwanza niliingia kwa Bi Ianthe Quashie
na swali mdomoni: "Mtungi wa gesi bei gani?"
Akaendelea kupanga sadini.
Nikarudia. Kopo likagonga kopo.
Mzee aliyekuwa akingoja mkate akaninong'oneza,
"Binti, huku asubuhi haianzi mpaka uisalimie."
Mimi! Niliyelelewa kwa shikamoo,
niliyechapwa kwa kumpita jirani kimya,
adabu niliiacha wapi? Kwenye ndege ya pili, au ya tatu?
Nikatoka. Nikafuta miguu upya. Nikaingia.
"Habari za asubuhi."
Duka zima likaitikia, hata friji ilinguruma.

Gesi hakuwa nayo.

"Panda njia ya hospitali,
kata kushoto ulipokuwa mkungu,
pita kanisa lisilo na paa,
muulize Alban wa lori la kijani."
Mkungu uliondoka na kimbunga.
Lori, nilikuja kujua, ni jeupe siku hizi.
Nilikata kushoto mara tatu
kwenye nafasi tupu tatu,
nikaishia kwa mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya goli,
akanitafunia pembe ya orodha:
betri, mshumaa, na nusu ya neno "sabuni".

Alban aliubeba mtungi begani hadi kwangu.
Akauliza, "Wewe taifa gani?"
Nikaanza kutafuta pasi ya kusafiria.
"Siyo hiyo. Ngoma. Bibi yangu alikuwa Kromanti,
babu Kongo. Ngoma yao ikipigwa, nasimama.
Yako ikipigwa, unasimama?"
Nilimpa chenji. Nilimpa maji ya kunywa.
Jibu sikuwa nalo, na hakulidai.

Maji yenyewe ni ya mvua,
yamelala ndani ya tangi la saruji chini ya nyumba.
Mwenye nyumba alinifundisha kuligonga kwa mpini wa ufagio:
likiitika kwa sauti nene, oga;
likilia kama sufuria, jifute.
Mwezi wa nne nilijifuta.

Ofisi ya umeme: foleni ya watu wanne, saa mbili,
maana kila mmoja anamuulizia mgonjwa wa mwenzake.
Karani aliniomba jina. Mwanaheri, nikasema.
Nikalikata vipande kama muhogo: Mwa-na-he-ri.
Akaandika, akafuta, akaandika.
Risiti ikatoka: Mona Harry.
Nilitaka kugomba. Nyuma yangu mama mjamzito
alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.
Nikalipa kwa jina la Mona Harry
na taa zikawaka vilevile.

Tangu siku hiyo mimi ni Bi Harry:
zahanati, ninakochungulia damu za watu kwenye darubini,
benki, kwa fundi wa pampu,
kwa watoto wanaonipungia mikono kutoka ukutani.
Kwenye simu mama anauliza, "Wanakuitaje huko?"
nami nasema mtandao unakatika.

Alhamisi iliyopita nilichelewa kazini.
Boti haikuwa imekuja, bahari ilikuwa na hasira zake.
"Habari za jioni," nikasema kabla mguu wa pili haujaingia.
Bi Ianthe hakugeuka.
Aliinama, akapapasa chini ya kaunta,
akasukuma kuelekea kwangu kifurushi cha gazeti:
vitunguu viwili, kimoja kimeanza kuchipua,
na juu, kwa kalamu ya risasi,
HARRY.