Pampu ya Orest

Saskatoon, baridi imepasua mabomba ya jirani.
Chini ya ngazi Orest anapima kwa utepe:
toka pipa hadi tangi la juu, mita mbili unusu.
Matangi matatu, koo moja.

Kubwa hunguruma kama trekta la babaye,
na bili ya umeme haina huruma.
Ndogo ni nyamavu, lakini kila kiwiko cha bomba
huidai ushuru;
maji yakifika juu yamebaki mate.

Daria kasema neno moja tu: usingizi.

Saa nane usiku anaitwaa kubwa,
anaibana kwa vali,
anailaza juu ya kandambili za kiangazi
isiitikise sakafu.
Anachomeka. Anangoja.

Tangi la juu, tumbawe lililokunja vidole
linakunjua kimoja.