Chungu Darajani

Mideva alikuja na visanduku ishirini na vinne,
kila kimoja kama kiberiti, akavibandika kwa gundi
tumboni mwa daraja, mimi nikimshikia ngazi
na mto Yala ukinivuta suruali.
"Tungoje lori la miwa," akasema.
Likaja limeshiba, likidondosha vipande,
watoto wa shule wakilikimbilia nyuma,
na daraja likatetemeka kama linavyotetemeka siku zote
tangu tulipolimaliza.

Yeye alisikia kingine.
Kila kitu, fundi, kina mvumo wake,
na kilichoumia huvuma chini kidogo,
kama mtu anayekuficha maumivu ya mgongo.

Sikumjibu.

Jioni, kwenye kioski cha Akeyo,
akafungua kompyuta na kuwamwaga chungu wake.
Si chungu wa kutambaa. Wa namba.
Elfu mbili, na hakuna hata mmoja anayejua lolote.
Kila mmoja hushika njia na dhana yake:
labda boriti ya nne imechoka, labda ya tisa,
labda nguzo fulani, kwa robo, kwa theluthi.
Anayeukaribia mvumo wa kweli huacha harufu.
Anayekosea, harufu yake hukauka,
na wanaokuja nyuma hufuata pua.

Nikacheka. Huku kwetu wadudu ndio wanaokula nyumba.
Halafu nikamkumbuka mama, vijiti mkononi, juu ya kichuguu,
ti-ti, ti-ti-ti, jua likiwaka,
akiidanganya ardhi kwamba mvua imefika
hadi kumbikumbi watoke wenyewe, wajilete kikaangoni.
Gonga vizuri tu, alikuwa akisema,
kilicho ndani hakikai.

Usiku wa kwanza chungu walirundikana nguzo ya kwanza.
Nikashusha pumzi.
Nguzo ya kwanza aliijenga Wabwire, na Wabwire ni marehemu.
Lakini Mideva alikunja uso: "Wamekwama.
Wametumbukia kishimoni wakadhani ndipo chini kabisa,
kumbe bonde lenyewe liko nyuma ya kilima."
Akawatawanya. Akaanza upya.

Ningeweza kusema.
Neno moja, ningemwokoa na usiku wa pili,
ningewapumzisha chungu elfu mbili
na miguu yao isiyokuwapo.
Nilikunywa chai. Akeyo alitia sukari vijiko vitatu,
ikabaki chungu.

Maana ninazijua mimi beseni tulizochanganya
usiku ule mto ukipanda na mkandarasi akitazama saa:
beseni kumi na moja za mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji,
na mchanga wenyewe wa mtoni, na tope lake.
Mifuko iliyosalia iliondoka na punda kabla ya alfajiri.
Miwili ilikuja kwangu.
Ndiyo sakafu ya chumba walimozaliwa wanangu.
Haijapasuka hata leo.

Saa tisa za usiku Mideva aliacha kuongea.
Kwenye kioo, vidoa vile vilikuwa vinajikunja, vinasongamana,
vinapanda juu ya kingine na kingine,
kama siafu wamepata mfupa.
"Nguzo ya tatu," akasema. "Upande wa machweo,
mita moja juu ya maji. Theluthi ya nguvu zake haipo."

Nilikuwa nimesimama hapohapo, miaka ile,
nikisawazisha kwa mwiko, nikipiga mluzi.

Asubuhi tukashuka na nyundo.
Alinipa mimi, kwa heshima ya mvi zangu.
Nikagonga: ngo.
Nikagonga: ngo.
Kisha mkono ukasogea wenyewe, shubiri mbili kushoto,
mahali ambapo hata chungu wake hawakuwa wamefika.

Pwa.

Lori jingine likapita juu yetu, vumbi likatuangukia vichwani.
Mideva hakuandika kitu.
Alinitazama, kalamu ikiwa wima,
kama anayengoja harufu izidi au ikauke.
"Fundi," akasema,
"ulijuaje pa kugonga?"