Daftari la Chumba cha Kufulia

Novemba walinikabidhi jezi kumi na tano nyeupe
na kumi na tano za kijani, za safari.
Mimi Ardis Kvamme, mfuaji wa Chuo cha Velde,
nikatia sahihi: zimepokelewa, zote nzima.
Theluji ilikwisha fika usawa wa dirisha
na basi la timu likiwashwa saa kumi alfajiri
ili injini ikubali.

Siangalii mechi. Nasoma nguo.
Matokeo hunijia kapuni, usiku wa manane:
zikidondoshwa moja moja, kimya, tumefungwa;
zikirushwa toka mlangoni, zimeviringwa kama mpira,
na mtu akapiga kelele "tatu!", tumeshinda.
Mara saba tu niliopoa soksi juu ya taa.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, husemwa.
Sisi tulikubali mara kumi na tisa.

Namba nne, Tavion Mays, kijana wa Memphis,
hakuwa ameonja baridi yenye meno.
Jezi yake ilinuka kafuri,
dawa ya kifua aliyotumiwa na bibi yake kwa posta.
Ishirini na mbili, Leif Brandvold, mtoto wa mfugaji,
majani makavu ndani ya soksi:
hukama kwanza, ndipo aje kuruka.
Kumi na moja, damu ya pua, Desemba.
Maji baridi, chumvi, subira.
Damu haitaki maji moto. Hasira nayo vilevile.

Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Kocha Aune akateremka hadi huku chini,
jambo asilolifanya miaka tisa,
akaketi juu ya ndoo ya sabuni
akaniuliza mimi, mimi!, ulinzi wao una nini.
Nikamwambia: jezi zinalowa mgongoni, kifuani kavu.
Vijana wako wanakimbia kurudi nyuma,
hawamkimbilii mtu.
Akanyamaza. Mashine ikazunguka.
Jumamosi ile tukashinda kwa pointi mbili.
Sijui kama ni mimi. Sitamuuliza.

Sasa thelathini na moja.
Corwin Estby, mwaka wa nne, mlinzi wa benchi.
Miezi minne jezi yake ilinijia safi,
imekunjwa pembe kwa pembe, na harufu ya kabati.
Niliifua hata hivyo, kila mara.
Sikutaka awe yeye peke yake
asiyerudishiwa nguo yenye joto.

Mechi ya mwisho, nyumbani, mwisho wa Februari.
Tumeachwa pointi thelathini, zimebaki dakika mbili
(nasimulia nilivyosimuliwa na mfagizi),
Kocha akamnyooshea kidole.
Nami huku chini nikasikia dari ikitetemeka,
miguu mia nne ya watu wa Velde ikipondaponda mbao,
nikadhani tumeshinda.
Wapi! Alikuwa kwenye mstari wa adhabu.
Mtupo wa kwanza uligonga chuma.
Wa pili ukazunguka, ukasita, ukaingia.

Usiku kapu likaja. Nikahesabu nyeupe: kumi na nne.
Nikahesabu tena, kama mtu asiyejua.

Nilimkuta ngazini, koti limefungwa hadi kidevuni,
uzi mweupe ukichungulia shingoni.
Tukatazamana. Akafumbua mdomo.
"Nje kuna barafu," nikamwahi, "shika chuma."

Daftari linadai maelezo, mstari mmoja tu.
Namba 31, nyeupe. Imechanwa na mashine.
Mashine hii, miaka ishirini,
haijachana hata leso.
Nikaipangusa mlango wake kwa kiganja,
kama mtu anayeomba radhi,
nikazima taa.