Ati ya Mauziano

Herufi H ilikufa mwezi wa Rajabu.
Tangu hapo kila hati ya kiwanja ninayochapa
inatoka "ati ya mauziano",
na wanunuzi wanacheka,
kisha wanazihesabu fedha zao upya.
Fundi Kilua aliigeuza kompyuta, akaigonga mgongoni
kama mtoto aliyepaliwa.
Imegandishwa kwa gundi, akasema.
Kibodi haitoki peke yake, hutoka na nusu ya mashine.
Nimeomba H moja,
naambiwa ninunue alfabeti nzima.

Ninayoitamani inafunguka.
Skrubu tano, kifuniko kinanyanyuka kama cha sufuria,
na ndani kila kitu kimeandikwa jina lake:
hapa betri, hapa kumbukumbu, hapa feni.
Chomoa, chomeka, usiogope.
Aliyeitengeneza alidhani mimi nina akili.
Hilo peke yake lilinitoa machozi,
nikasingizia vitunguu.

Basi niyaseme mabaya yake,
maana mazuri yamekwisha kujisema.

Bei nimeiandika nyuma ya risiti ya unga.
Nimeikunja, nimeikunjua, haikupungua.
Kwa fedha hiyo, Barabara ya Kumi na Mbili,
napata mbili mpya, nyembamba kama chapati,
na chenji ya bando.
Betri yake, wanasema, huchoka mapema,
na umeme wa Makorora hauna adabu.
Spika zake ni mbu ndani ya kopo.

Kipuri kinatoka ng'ambo.
Kinapanda ndege, kinashuka Dar, kinalala forodhani,
kinaulizwa maswali kama bwana harusi mgeni;
hadi kifike stendi ya Kange, boksi limeloa,
mteja wangu amekwisha kwenda kwa Mwanakombo
ambaye mashine yake haifunguki
wala haijawahi kuhitaji kufunguliwa.

Kampuni yenyewe bado changa.
Imeahidi vipuri miaka kumi.
Ikifa ya pili, nitakaa eda
ya kiwanda nisichowahi kukiona.

Halafu chumvi.
Hewa hii imekula misumari ya bati la jikoni,
imekula bawaba, imekula pini ya pasi.
Kinachofunguka kwangu
kinafunguka na kwa kutu.

Marehemu baba aliendesha baiskeli moja
tangu shamba la mkonge hadi kustaafu.
Alibadilisha ringi, tandiko, usukani,
mwaka wa mwisho akabadilisha na fremu,
akaapa ni ileile.
Mama akasema: kwa fedha za vipuri ungenunua tatu.
Wote wawili walisema kweli,
na walilala kitanda kimoja.

Lakini baba alikuwa na fundi kila kona ya Ngamiani.
Spoku ziliuzwa kama dagaa, kwa fungu.
Watoto walijua kuziba pancha kabla ya kujua kusoma.
Sasa ndipo ninapokwama:
kutengenezeka si sifa ya chombo tu,
ni sifa ya mtaa.
Nikinunua peke yangu, nimenunua skrubu tano
na upweke.

Nilimwonyesha Kilua picha. Akavua miwani, akaivaa.
"Hizi za nyota. Bisibisi yake sina."
Akanyamaza. Akatazama droo yake
ya vioo vya simu vilivyopasuka,
kazi zote zilizorudi bila dawa.
"Lakini ukiileta, nitajifunza. Na kijana wangu atajifunza."

Sikununua.
Nimeagiza bisibisi kwanza, elfu saba, na usafiri elfu tatu.
Iko kwenye droo ya Kilua, haina cha kufungua.
Kijana wake huitoa, huizungusha hewani,
huirudisha.

Risiti ya unga ingali mfukoni.
Na mlangoni nimebandika tangazo, nimelichapa mwenyewe:

*Wateja wangu wa eshima, kuna erufi aipo.
Mpaka apo itakaporudi, mnisamee.*