Mstari wa Nne

Fomu ina mistari kumi na miwili.
Jina: Shigela Mihayo. Hilo nililiandika mbio.
Umri: kumi na tisa, au ishirini;
bibi alihesabu kwa misimu ya tumbaku,
na msimu mmoja mvua iligoma, sijui kama aliuhesabu.
Elimu: la saba, na miezi mitano ya kidato cha kwanza.
Makazi ya sasa:
kalamu ikazama hapo kama baiskeli kwenye mchanga wa Tabora.

Niandike nini?
Nyuma ya ghala la reli, upande usiopigwa na upepo?
Chini ya meza ya mama Kabula, akishafunga maharage yake?
Niandike Stesheni, na pembeni: hadi mlinzi aamke?

Mduara huu naujua kwa nyayo.
Mwenye karakana pale Kachoma alisema: lete barua ya mtaa.
Mtendaji akauliza: mtaa upi, nyumba ya nani?
Mwenye nyumba wa Isevya akasema: miezi sita, mkononi,
na mdhamini mwenye kazi.
Kazi nikaifuata Kachoma.
Kachoma wakasema: lete barua.

Bi Nyanzala hakunionea huruma; ningeondoka.
Miwani yake ina mkono mmoja, wa pili ni uzi.
Aliuangalia ule uwazi mweupe
kama mtu anayesoma jibu.
"Usiandike uongo. Ruka. Nenda wa tano."
Wa tano ulisema: Unaweza kufanya nini?

Naweza kupakua magunia sitini jua halijakomaa.
Naijua kwa honi treni ya Mpanda na treni ya Mwanza.
Naweza kulala nimekaa.
Naweza kutunza pesa ya mwenzangu siku tatu bila kuigusa;
ya nne sijajaribiwa.
Akaandika yote, kwa mwandiko wa mwalimu,
hata ya kulala nimekaa.

Nikapelekwa kwa fundi Kasanda, mtengeneza mizinga.
Wiki ya kwanza nilipasua ubao na kidole.
Wiki ya pili akanionyesha kupaka nta ndani ya mzinga mtupu,
nyuki wapite, wanuse, wajue wanangojewa.
"Nyumba kwanza," akasema, "asali baadaye.
Ukianza kudai asali, utabaki na sanduku."
Nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza nina nini.
Nyuki hadaiwi miezi sita.
Nyuki haulizwi mdhamini.

Chumba nilikipata Alhamisi. Cheyo,
mlango wa tatu ukihesabu kutoka chooni.
Kituo kinalipa miezi mitatu, wa nne nusu kwa nusu,
wa tano nasimama mwenyewe.
Godoro, ndoo, kufuli lenye funguo mbili.
Mbili! Wa pili nimpe nani?
Usiku ule nililala na viatu.
Saa nane nikaamka kumsubiri mlinzi na rungu lake.
Hakuja mtu. Panya tu, naye alikuwa mwenyeji.
Nikafungua mlango, nikaufunga.
Nikafungua, nikaufunga.
Jirani akagonga ukuta: "Wewe mgeni, mlango huo unakudai?"

Ndaki sikumpata.
Mwaka mzima tulikula sahani moja, yeye akipenda ukoko.
Wapo wasemao alidandia behewa la mizigo, yuko Kaliua anavuna tumbaku;
wengine wanasema Mpanda, mashimoni.
Fomu yake iko kwa Bi Nyanzala, ina jina tu.
Ufunguo wa pili uko kwa mama Kabula,
ndani ya kopo la chumvi,
na maagizo: wa tatu, kutoka chooni.

Leo Bi Nyanzala amenitolea fomu yangu, kona imeliwa na mende.
"Kuna mstari ulibaki."
Kalamu ilikataa mpaka nilipoikwaruza kiganjani.
Nikaandika taratibu, herufi kubwa kubwa;
neno la mwisho likatoka nje ya kisanduku,
nikaliacha huko huko.